Chumba cha Baridi cha Bénie

"Courant imeenda kwetu bote, kwenu tu njo inawaka! Unielezee hiyo, mama Julienne. Elezea bantu basikie!"

"Nikuelezee nini? Miye niko fundi wa courant? Uliza Mungu!"

"Mungu hakai mu chumba ya dirisha ya violet!"

Watu wakacheka, maana walikwisha kuwa wengi. Kwenye avenue ile ya Makomeno, mjini Lubumbashi, ugomvi haupiti bila mashahidi. Albertine wa nyumba ya kona alikuja na kiti chake cha plastiki, akakiweka kivulini, akavua kandambili, akatulia. Jua la mwezi wa kumi lilikuwa limeshika mabati, mvua ya kwanza ilikuwa bado, na kila mtu alikuwa na hasira yake ndogo ya joto. Basi hasira ya Mama Ngalula, aliyeanzisha kelele, ikawa kama ya wote.

Yeye alisimama upande wake wa ukuta mfupi, kitenge kimefungwa kifuani, mikono imejaa magamba ya samaki. Alikuwa anauza samaki wa barafu, na toka juzi umeme wake ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Asubuhi hiyo alifungua congélateur, friji lake la kugandisha, akakuta maji. Samaki wamelegea, macho yamekuwa mekundu. Nyumba hizi mbili, yake na ya jirani yake Bénie, zinakula umeme kwenye waya mmoja toka wakati wa baba zao. Nyumba moja ikivuta sana, disjoncteur, swichi kuu, inaanguka kwa wote wawili. Hilo kila mtu alilijua. Kilichowashinda ni dirisha.

Dirisha la chumba cha mwisho, kwa akina Bénie, lilikuwa linatoa mwanga wa zambarau mchana kweupe, wakati redio za nyumba zote mbili zimenyamaza. Chini yake, kijibomba kilikuwa kinapuliza ukungu. Na ndani kulikuwa na kitu. Kinasema tak, upepo unaanza. Kinasema tak, upepo unazima.

"Musikie! Inaongea," Albertine akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Ni machine," Mama Julienne akasema. "Machine ya maua ya Bénie. Munaijua bote."

"Maua!" Mama Ngalula akapiga makofi. "Bantu banatia maua mbele ya nyumba, bengine banaiona. Ni maua gani inafichwa, inalazwa ku baridi sawa maiti?"

"Mama Élie, chunga kinywa," Mama Julienne akasema, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Nimechunga kinywa toka dada yako alikufa. Lelo kinywa imechoka!"

Mama Julienne akaweka mikono kiunoni. Alikuwa mdogo wa marehemu mama yake Bénie, na ametoka Kasenga wiki hiyo kwa jambo moja tu: kesho yake, Jumapili, baada ya misa, wazee wa Élie, mwana wa Mama Ngalula, walipaswa kuvuka ukuta huu wakae sebuleni, waseme kilichowaleta, yaani posa. Bénie hana mama, hana baba. Mama mdogo ndiye angewapokea wageni. Sasa mama mkwe mwenyewe anapiga kelele ukutani mbele ya kiti cha Albertine.

Na Élie? Élie alikuwepo. Alikuwa anatoa mabeseni ya samaki nje, moja moja, anayapanga chini ya kivuli cha ukuta, na kila akirudi na beseni alikuwa anaangalia chini. Kijana mrefu, mpole, shati la ofisini limekunjwa mikono. Kama masikio yangekuwa na kifuniko, siku hiyo angeyafunika.

Hapo moto, pikipiki ya kukodi, ikasimama mbele ya geti, na Bénie akateremka.

Alikuwa na ovaroli yake ya bluu na mfuko wa vyombo begani, vumbi la barabara ya Kasumbalesa limempaka hadi kwenye kope. Bénie ni fundi wa baridi, kazi aliyofundishwa na baba yake. Siku zote hizo alikuwa huko anatengeneza chumba cha nyama cha mchinjaji mmoja. Akalipa moto, akainua macho, na kabla hajaona watu, akamuona Élie.

Lo, kuna namna mtu anamuangalia mtu aliyemkosa! Si kutabasamu. Ni kama kutua mzigo. Élie akasimama na beseni mikononi, maji ya samaki yanamdondokea kwenye viatu, hajui.

"Njo huyu," Mama Ngalula akasema. "Madame Baridi mwenyewe."

"Yambo, mama Élie." Bénie akapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa. "Kuko nini?"

"Kuko nini! Angalia samaki yangu. Sikia harufu yake! Toka juzi ile kintu yako inakula courant yetu yote, na courant ikienda, yeye anaendelea tu. Inakula nini sasa? Tuambie. Inakula nani?"

"Mama, courant ikienda, machine inajipeleka yenyewe ku batterie. Haiko kintu ya bulozi. Nilifunga vile juu ijichunge yenyewe, wakati miye siko."

"Munasikia? Inajipeleka yenyewe! Amesema na kinywa yake!"

Watu wakaguna. Bénie akafuta uso kwa mkono wa ovaroli, vumbi likazidi kuenea.

"Mama, haiwezi kukula courant mingi hivi. Niliipima. Kuko kintu haiko sawa. Niachie niingie nione."

"Nani alikusaidia kuifunga? Mwanamuke peke yake hawezi kufunga kintu ya namna hii."

Bénie nusura acheke. Swali rahisi hilo! Tena zuri, maana jibu lake lilikuwa limesimama pale na beseni.

"Muulize Élie," akasema. "Yeye anaijua kunishinda."

Vichwa vyote vikageuka.

Ni kweli, Élie alikuwa anaijua. Kiangazi cha kwanza alimshikia tu tochi, Bénie anapanga frigolite, yale mabamba meupe mepesi ya kuzuia joto, ukutani, anapiga misumari, anafunga feni alizozitoa kwenye kompyuta zilizokufa. Kiangazi cha pili akashika mwenyewe chuma cha kuchomea. Ile kadi ndogo inayofikiri, ile inayosema tak, Élie ndiye aliyeichomelea nyaya zake na kuiandikia amri: joto likipanda kidogo, pulizia ukungu, likipanda tena, washa feni, likikataa kushuka, amsha mashine ya friji. Usiku, shusha baridi polepole, kama usiku wa Kundelungu, kule milimani. Na siku kadi ilipokubali mara ya kwanza, wote wawili walikuwa wamepiga magoti sakafuni, ukungu ukawashukia kwenye nywele, na Élie akasema, bila kumuangalia: "Bénie, miye nataka kukaa hapa." Bénie akauliza, "Mu chumba?" Akajibu, "Hapana. Na weye."

Mambo hayo Mama Ngalula hakuyajua.

"Élie," akasema sasa, sauti imeshuka, na ilipokuwa imeshuka ndipo ilipotisha. "Mutoto yangu wa kwanza. Nilikupeleka masomo na hii samaki. Mukono yako iko mule ndani?"

Bénie alikuwa anamuangalia na kitabasamu kidogo, kitabasamu cha mtu aliyekwisha kushinda.

Élie akaangalia samaki. Akaangalia mama yake. Akaangalia watu.

Tak, ikasema machine.

"Non, mama," Élie akasema. "Miye siko ndani."

Albertine tu alisema "Ah bon?" taratibu, maana yeye alikwisha kumuona Élie mara nyingi akiruka ule ukuta na waya shingoni. Kitabasamu cha Bénie kikabaki mdomoni, hakina mwenyewe.

"Nilijua," Mama Ngalula akasema, na kweli pumzi ilimshuka. "Basi, kesho hatuvuki. Mwanamuke anafunga baridi mu chumba. Kitoto atailaza wapi, mu frigolite? Auzime ile kintu na aibomoe lelo hii, ama kesho kila muntu abakie kwake."

"Mama Élie!" Julienne akalia. "Bazee bamekwisha itwa!"

"Niliita miye, nitabarudisha miye."

Élie akaweka beseni chini, akakaribia ukuta. Akasema polepole, kwa Bénie peke yake, ingawa wote walisikia:

"Bénie. Zima kidogo. Lelo tu. Mama atulie, halafu tutaongea."

"Lelo tu?"

"Lelo tu."

"Mwezi wa kumi, Élie. Saa hii. Weye njo unaniambia 'lelo tu'?"

Mtu mwingine angesamehewa, maana hajui. Yeye ndiye aliyeandika kwenye ile kadi joto gani linaua.

Bénie akachukua mfuko wake, akaingia ndani.

*

"Mwanangu, oga kwanza," Mama Julienne alikuwa anamfuata nyuma, anamvuta mkono. "Kunywa maji. Umetoka mbali. Kaa hata kidogo."

"Naangalia machine, mama mudogo."

"Machine itakimbia? Kaa!"

Lakini Bénie alikwisha kusukuma mlango wa chumba cha mwisho.

Baridi ikampokea, baridi nzito yenye maji, kama shavu la mtu aliyetoka kisimani. Feni zote zilikuwa zinazunguka. Mashine ya friji ilikuwa inanguruma bila kupumzika. Ukungu ulikuwa umejaa hadi dari, unashuka, unashuka, na taa za zambarau ndani yake. Kila kitu kilikuwa kinatumika kwa nguvu zake zote.

Na chini, kwenye sanduku refu la mbao, mchanga ulikuwa umepinduliwa.

Akapiga magoti. Akatia mkono. Akautia hadi kwenye kiwiko, akauburuta kutoka kona moja hadi nyingine. Mchanga tu. Miezi ya kiangazi maua ya Kundelungu yanakufa juu, yanabaki mizizi yake chini, vinundu vidogo kama viazi vya kitoto, vimelala vinangoja mvua. Mtu asiyejua akiona sanduku, anasema humu hakuna kitu. Mtu anayejua anasema humu kuna maua yote ya mwaka kesho.

Halafu akaona waya. Ule waya mweusi wenye kichwa cha chuma, ambao kazi yake ni kukaa ndani ya mchanga na kuiambia kadi kuna joto gani, ulikuwa umening'inizwa kwenye msumari wa dirisha, nje ya pazia, jua likiupiga sawasawa. Masikini machine! Toka juzi ilikuwa inaambiwa kwamba nyumba inaungua. Ikavuta umeme wote wa nyumba mbili kuizima.

"Mama mudogo," Bénie akasema. Hakugeuka. "Nani aliingia humu?"

Mlangoni, Julienne akajifunga upya kitenge.

"Mama mudogo."

"Niliingia kufagia," Julienne akasema mlangoni. "Juu ya bageni. Nikaona kikanda."

"Umeona nini?"

"Kikanda, mwanangu, ile mizizi tunatwanga na kukula. Imelala tu mu muchanga, mingi, ya muzuri, kushinda ile ya soko. Nikasema, aa, mutoto huyu ana akili, amejua desturi ya mama yake, amebeka kikanda juu ya bukwe! Nilifurahi, Bénie. Nililia hata. Ile kamba nyeusi ilikuwa inanisumbua, nikaitundika ku dirisha isipotee. Nikaanika kikanda ku mabati, na hii jua ilikauka pale pale. Lelo asubui nikatwanga, nikachanganya na unga ya karanga na pilipili. Iko ku jiko, ku mbabula. Nimetia makala ya moto juu ya kifuniko, kama tunafanya kwetu."

Bénie alikuwa amefunga macho.

"Kwetu Kasenga," Julienne akaendelea, hajui amekosa wapi, "mwanaume hakuli mu nyumba ya mwanamuke mupaka bamupikie chakula ya kumuonyesha moto. Cilanga mulilo. Akikula ile siku, njo amekuwa mukwe, hata milele. Na kikanda haikosekane pale. Mama yako angekuwa muzima, angefanya. Nani mwengine angekufanyia? Nilisema kesho bazee bakikuya, Élie akule mbele yabo, iishe."

"Ilikuwa maua, mama mudogo."

"Maua yake naijua! Iko mingi ku pori. Lakini nani anachunga maua ya kikanda? Ni sawa kuchunga maua ya maharagi!"

"Ilikuwa ya papa yangu."

Julienne akashika kichwa.

Papa Faustin, baba yake Bénie, mtu wa Kongolo, fundi wa mabehewa ya baridi ya reli, aliwahi kwenda juu Kundelungu kutengeneza friji ya wamisionari, akarudi na vinundu kwenye sanduku la chakula, ameviviringisha ndani ya soksi. Alivipanda Makomeno. Mwezi wa kumi ukaviua. Akaenda tena. Mwezi wa kumi ukaviua. Alipokufa viliachwa vichache, na Bénie akaapa kwamba joto la Lubumbashi halitavipata tena, hata kama itabidi avijengee Kundelungu yao ndani ya nyumba. Mwaka jana vilichanua maua, mekundu ya kuelekea machungwa, yamesimama wima kama watoto wa komunyo. Élie alikaa mbele yake asubuhi nzima, hakwenda kazini.

"Mayo we!" Julienne akakaa chini, pale pale mlangoni, miguu imenyooka kama kwenye kilio. "Mayo we, nimepika Faustin!"

Na Bénie, Mungu amsamehe, akacheka. Kicheko kimoja kibaya, kikageuka kabla hakijaisha. Wakalia wote wawili, mmoja ndani ya ukungu, mmoja mlangoni, na machine ikawafunika kelele zao.

Bénie ndiye aliyetangulia kusimama. Akaenda jikoni. Chungu kilikuwa juu ya mbabula, makaa yamekaa juu ya kifuniko kama kofia nyekundu, harufu ya karanga na pilipili imejaa. Akashika vishikio kwa kitambaa. Julienne akamuona anavyoshika, akajua anataka kumwaga.

"Mwaga," akasema. "Sitasema neno."

Bénie akakaa na chungu mikononi. Akimwaga, kuku wa Albertine watakula. Akakifunua, akaangalia. Kikanda kilikuwa kimeiva vizuri, kimeshikana, rangi ya udongo wa Ruashi baada ya mvua. Akakiweka chungu juu ya meza.

Halafu akarudi chumbani, akachomoa machine. Umeme kwanza, kisha batterie. Feni zikapunguza, zikapunguza, zikasimama. Taa ya zambarau ikafa. Chumba kikawa chumba: frigolite, nyaya, sanduku la mchanga. Akapita uani akainua disjoncteur, na ng'ambo ya ukuta congélateur ya Mama Ngalula ikakohoa, ikaanza kunguruma. Watu nje wakapiga kelele za furaha, "Eeeeh! Courant!" kama mtu amefunga goli.

"Njo vile!" sauti ya Mama Ngalula ikasikika. "Amezima! Munaona kama ilikuwa yeye?"

Bénie akaelekea mlango wa mbele. Julienne akamdaka.

"Unaenda kusema nini?"

"Kweli yake."

"Usiseme! Baache bazanie ni machine. Machine imekwisha kuzimwa, kesho atavuka, mambo imeisha. Ukisema ni miye nilitundika kamba ku jua, atasema nyumba ya Bénie iko ya bantu ba kuharibu. Atapata sababu ya kweli! Kwa sasa hana."

"Mama mudogo, samaki yake imeoza."

"Na maua yako?"

"Maua yangu haiko shida yake."

*

Watu walikuwa bado wapo, nani angeondoka? Bénie akatoka, macho yamevimba, hakujificha. Akasimama mbele ya ukuta, akapiga goti, safari hii goti la kweli, hadi likagusa udongo.

"Mama Élie, naomba pardon. Samaki yako imeharibika juu ya nyumba yetu. Kamba moya ya machine ilitoka fasi yake, ikakaa ku jua, njo machine ikavuta courant yote. Machine haikukosa. Ni shiye tulikosa."

"Nani aliitoa?"

"Ni mu nyumba yetu, mama. Inatosha."

"Ni miye!" Julienne akatokea nyuma, hawezi kukaa kimya hata kwa kuokoa maisha yake. "Ni miye niliitoa, na nikachimbua maua ya mutoto nikatwanga kikanda! Maua ya baba yake! Munisemee, musimusemee yeye!"

Albertine akasimama kwenye kiti chake. "Ametwanga ile maua, orchidées?"

"Bote?" Mama Ngalula akauliza. Alimuuliza Bénie.

"Bote, mama."

Mama Ngalula akageuza uso, akaangalia mabeseni yake kivulini, nzi wamekwisha kuyapata. Mtu anayeishi kwa baridi anajua: unachunga, unachunga, unalala sikio moja wazi usikie kama friji inanguruma, halafu siku moja unafunua kifuniko.

"Mama," Élie akasema.

"Nyamaza kwanza."

"Sinyamaze. Nilinyamaza mingi." Alikuwa amekuja hadi katikati ya uwanja, mahali ambapo kila mtu alimuona. "Nilisema buongo mbele ya bantu, basi nitasema kweli mbele yabo. Mukono yangu iko mule ndani, mama. Carte ni miye nilichoma. Ku meza yako, wakati umelala. Ile doa ya kuungua uliniuliza, nikasema ni mushumaa, haiko mushumaa. Na maua, nilikuwa nayapenda. Bénie alikuwa ananingojea niseme, nikamukana."

Mama Ngalula akamuangalia mtoto wake kana kwamba amevaa nguo za mtu mwingine.

"Tatu wanyi, baba yangu we! Unaniogopa vile?"

"Naogopa kukukosa."

"Na huyu? Huyu hauogopi kumukosa?"

Élie akafungua mdomo, macho yakamwendea Bénie. Bénie alikuwa ameinuka, anapangusa udongo gotini, anaupangusa na kuupangusa ingawa ulikwisha kutoka.

"Bénie..."

"Uliniambia 'lelo tu', Élie."

"Najua."

"Mama yako alinitukana, sikuumia. Ananiona kwa dirisha. Weye ulikuwa ndani."

Jua likaendelea na kazi yake. Mtu fulani barabarani akawasha redio kwa nguvu, akaizima haraka, kama aliyekosea kwenye kilio.

Bénie akavuta pumzi. Akaongea na Mama Ngalula, na sauti yake ikawa ya mtu anayefunga duka.

"Mama Élie, kuko chakula ku meza. Ilipikwa juu ya Élie. Kwa bantu ba mama mudogo, mwanaume akikula ile mu nyumba ya mwanamuke, amekwisha kuwa mukwe. Nakuambia mbele ya bote, kesho musiseme tulimufunga na sahani. Lakini weye hauko mukwe. Uko mugeni, na lelo hauna kintu ya kupika. Ingia, mama. Usikatae, siwezi kuirudisha mu muchanga."

"Awe, Bénie!" Julienne akanong'ona. "Ile ni ya mukwe!"

"Ni ya mwenye njaa, mama mudogo."

Mama Ngalula akaangalia mlango wa akina Bénie. Toka marehemu mama Bénie azikwe, hakuwahi kukanyaga mlango ule. Akanawa mikono kwenye ndoo, magamba yakaelea. Akapita kwenye uwazi wa ukuta, watu wakampisha. Mlangoni akapangusa miguu, upande huu na upande huu, akaingia. Alipopita mbele ya chumba cha mwisho akasimama, akachungulia. Aliona mbao, nyaya, sanduku. Akagusa ukuta wa frigolite kwa kidole kimoja.

"Bado iko baridi," akasema peke yake.

Akakaa mezani. Julienne akakata kikanda vipande, akaweka sahani.

Nje, Élie alikuwa bado katikati ya uwanja.

"Na miye?" akauliza.

Bénie alikuwa mlangoni, bega kwenye mwimo. Alimuangalia, na kila mtu aliyekuwa pale anaweza kuapa kwamba mapenzi yalikuwemo, yote, hata kidogo hayakupungua, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuangalia.

"Weye, siko na neno ya kukuita, Élie. Lelo siko nayo."

Élie akakubali kwa kichwa. Hakuondoka.

Ndani, Mama Ngalula alikuwa ameshika kipande, anakigeuza, anakinusa, anakimega kidogo. Akatafuna taratibu. Akatafuna hadi akamaliza, akapitisha ulimi kwenye meno, pilipili ikamshika, akakohoa. Julienne akamsogezea maji.

"Élie," akaita, bila kugeuka.

"Mama."

"Unasimama ku jua sawa nguzo ya courant juu ya nini?"

Julienne akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Bénie akatoka kwenye mwimo.

"Mama, nimekuelezea maana yake. Akikula..."

"Nimesikia. Siko kiziwi." Mama Ngalula akavuta kiti cha pembeni kwa mguu, kikakwaruza sakafu. "Sijasema oui. Mambo ya kesho tutaongea kesho. Na weye, Bénie, una haki ya kumukasirikia, umukasirikie vizuri, nitakusaidia. Lakini mutoto yangu hajakula toka asubui." Akageuza shingo, akamuangalia kijana wake aliyesimama nje, maji ya samaki yamekauka kwenye viatu. "Ingia, ukule."